TUJIFUNZE KIINGEREZA: NENO "INTEREST"



Mwezi huu tumependa kulieleza neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "interest". Huenda kijana wa sekondari akacheka na kusema kuwa neno hili alijua tangu zamani. Naam, twakubali ya kuwa alijua. Lakini twaogopa ya kuwa alijua upande mmoja tu, na upande ule asioujua ndio uwezao kuitia hasara nyumba ya wazazi wake.

Jirani yetu mmoja, muuza samaki, alitaka kukopa shilingi 500,000. Alipoletewa karatasi ya mkopo, alimwita mwanawe amsomee. Kijana akasoma vizuri kwa sauti, na alipofika kwenye neno "interest" akasema, "Baba, hapa wanasema habari ya kupendezwa. Bila shaka wamependezwa na biashara yako." Mzee akafurahi, akatia sahihi. Mwezi ulipokwisha akadaiwa shilingi 50,000 zaidi ya fedha alizokopa, na mwezi wa pili vivyo hivyo. Ndipo alipofahamu kuwa kupendezwa kule kulikuwa kwa namna nyingine. Sisi hatumlaumu kijana yule, maana alifundishwa maana moja, naye akaitumia hiyo hiyo. Basi na tuzitazame maana zote tatu.

Maana ya kwanza ni hamu au kupendezwa. Mtu husema, "I am interested in history," yaani, mimi napendezwa na tarikh. Angalieni ya kuwa neno lifuatalo ni "in", si "with" wala "for". Tena jihadharini na kosa lililoenea sana, la kusema "I am interesting". Maana yake ni kuwa mimi ni mtu mwenye mambo ya kuwapendeza watu, na sifa hiyo mwungwana huwaachia wenziwe waiseme! Anayepata hamu ni "interested". Kitu kinachomtia hamu ni "interesting".

Maana ya pili ni maslahi, au fungu alilo nalo mtu katika jambo. "He has an interest in that shop" yaweza kuwa na maana ya kuwa ana fungu lake katika duka lile. Hapa yako maneno mawili ambayo hata Waingereza wenyewe huyachanganya. "Uninterested" ni mtu asiyejali. "Disinterested" ni mtu asiye na maslahi yake ndani ya jambo, kwa hiyo hana sababu ya kupendelea upande wo wote. Kadhi anayekata shauri lenu yapasa awe "disinterested". Lakini ole wenu akiwa "uninterested", kwani atasinzia wakati mashahidi wasemapo.

Maana ya tatu ni riba, yaani nyongeza atozwayo mkopaji juu ya fedha alizokopeshwa. Mkiona "interest on a loan", au "interest rate", au neno hili limefuatana na "per cent", jueni ya kuwa habari ya kupendezwa imekwisha na habari ya riba imeanza.

Mtu aweza kuuliza, limekuwaje neno moja likachukua maana zilizo mbali hivi? Asili yake ni Kilatini, "interesse", yaani kuwa kati ya mambo, au kuhusika nayo. Zamani Kanisa la Ulaya lilikataza kutoza nyongeza juu ya mkopo, na nyongeza hiyo kwa Kiingereza iliitwa "usury". Lakini wanasheria wakasema kuwa mkopaji akichelewa kulipa, na mkopeshaji akapata hasara, ni haki alipwe fidia ya hasara ile. Fidia hiyo ndiyo iliyoitwa "interesse". Mlango ulipokwisha funguliwa, taratibu kila nyongeza ikapitia humo kwa jina hilo jipya. Mwaka 1545, zama za Mfalme Henry VIII, sheria ya Uingereza iliruhusu nyongeza isiyozidi 10 katika kila 100. Mwaka 1552 ikakatazwa tena, na mwaka 1571 sheria ikalegezwa. Mwaka 1854 mipaka hiyo yote ikaondolewa. Leo "usury" ni jina la riba iliyopita kiasi tu, na "interest" ni jina la adabu. Jina lilibadilika, lakini kitu kilibaki kile kile.

Kwetu sisi, kubadili jina hakubadili hukumu. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 275, Mwenyezi Mungu amewajibu wale waliosema kuwa biashara na riba ni mamoja: biashara ameihalalisha, riba ameiharamisha. Neno "riba" lenyewe kwa Kiarabu asili yake ni kuzidi na kukua, na lasema wazi lifanyalo. Neno la Kiingereza halisemi, basi msomaji hana budi kulisemea.

Yako maneno manne mengine yanayofuatana nalo. "Per annum" ni kwa mwaka; "per month" ni kwa mwezi. Kumi katika mia kwa mwezi si kumi kwa mwaka, bali ni mia na ishirini! "Simple interest" ni riba ihesabiwayo juu ya mkopo wa asili peke yake. "Compound interest" ni riba inayozaa riba. Chukueni shilingi 500,000 za jirani yetu, kwa kumi katika mia kila mwezi, bila ya kulipwa cho chote kwa mwaka mzima. Kwa njia ya kwanza deni litakuwa 1,100,000. Kwa njia ya pili litapita 1,569,000. Tofauti ya neno moja ni zaidi ya shilingi 469,000.

Vijana wetu, katika sura hiyo hiyo, aya ya 282, tumeamrishwa kuyaandika madeni, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Na mdaiwa akiwa hawezi kusema mwenyewe yaandikwayo, msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Mzazi asiyejua Kiingereza akikupa karatasi umsomee, amekuweka karibu na cheo hicho. Basi usimkisie maana. Neno usilolijua, sema, "Hili silijui, baba, tukaulize kwanza." Jibu hilo halina aibu yo yote, na karatasi yaweza kungoja hadi kesho.

Zoezi la nyumbani. Someni sentensi hizi pamoja na wazee wenu, kisha mseme kila "interest" ina maana gani:

1. She shows great interest in her lessons.
2. The interest is ten per cent per month.
3. A guardian must protect the interests of the orphan.

Mwezi ujao, insha-Allah, tutaleta majibu pamoja na neno jingine.