Unajisifu umetembea Afrika? Garissa umefika?

Hebu nianze na swali rahisi. Simu yako ina picha ngapi za Zanzibar? Na za Diani? Wengine wenu mna hata za Kigali, mmesimama kando ya barabara mkishangaa jinsi ilivyo safi. Sasa niambie, ina picha ngapi za Garissa?

Nilijua tu.

Nauliza kwa sababu kizazi chetu kimependa safari kuliko wazazi wetu walivyopenda mashamba. Vijana wanachanga kwenye chama cha marafiki, wanaenda Pwani. Mwaka unaofuata wanavuka Unguja, halafu wanapanda basi la usiku hadi Kampala, na wakirudi wanatuandikia jinsi Afrika ilivyo nyumbani. Mimi ni mmoja wao, sikatai. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, nikaanza kuandika mtandaoni, na tangu hapo senti inayobaki baada ya kodi ya nyumba inaishia kwa makanga. Nimefika Kampala, Kigali, Arusha na Lamu.

Kigali nilifika bila pasipoti. Kama hujui, tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Pale Busia nilipanga foleni, nikatoa kadi, nikapigiwa muhuri kwenye karatasi, nikaambiwa karibu Uganda. Gatuna vilevile. Hakuna aliyeniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Shida yangu kubwa ilikuwa kukumbuka kwamba Rwanda magari hupita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara kama uko Nairobi utagongwa ukiangalia upande usiofaa.

Halafu nikaenda Garissa, ndani ya nchi yangu, kama kilomita 370 tu kutoka Nairobi. Na huko ndiko nilikoona mpaka.

Safari ya kwenda ni nzuri, nikwambie ukweli. Basi linatoka Eastleigh, linapita Thika, Matuu, mpaka Mwingi. Baada ya Mwingi nchi inabadilika taratibu. Mashamba yanaisha, vichaka vya miiba vinaanza, udongo unakuwa mwekundu, barabara inanyooka hadi unafikiri dereva amelala. Unapita Ukasi, unapita Bangale, unafika Madogo, na hapo unaona Mto Tana ukiwa mpana na wa rangi ya chai. Daraja moja, na uko Garissa. Joto linakupokea kabla ya mwenyeji. Nyuzi 35 huko ni siku ya kawaida, si habari ya gazeti.

Mwenyeji wangu ni kijana tuliyejuana mtandaoni, anauza vipuri vya pikipiki. Ananiita walaal, yaani ndugu. Mama yake nikamwita hooyo siku ya kwanza, na kuanzia hapo sikulipia chakula tena. Niliwekewa wali wenye nyama ya mbuzi, na kando yake ndizi mbivu. Nikaiacha ndizi niile mwisho kama tunda. Hooyo akaniangalia kwa huruma, akachukua kisu, akaikata juu ya wali. Hivyo ndivyo inavyoliwa. Jaribu kabla ya kucheka.

Kesho yake tukaenda soko la mifugo, mojawapo ya makubwa zaidi Afrika Mashariki. Kama wewe ni mtu wa kuandika au kupiga picha, hapo utakesha. Ng'ombe, mbuzi, ngamia, vumbi, makelele. Lakini bei yenyewe haisemwi. Dalali na mnunuzi wanashikana mikono chini ya kitambaa, vidole vinazungumza, nyuso hazionyeshi kitu. Kila kidole kina thamani yake na kila mbano una maana yake, na aliyesimama karibu hajui ng'ombe ameenda kwa ngapi. Nilisimama pale zaidi ya saa moja. Mzee mmoja akamuuliza mwenyeji wangu kama mimi ni mtu wa kodi.

Jioni tulikwenda Bour-Algi, nje kidogo ya mji, ambako twiga wanatembea kati ya boma za watu bila ua wala tikiti ya maelfu. Twiga wa huku ni wale wenye mistari myeupe iliyonyooka kama wavu. Wenyeji wanapita na mbuzi wao, twiga wanapita na shughuli zao. Kusini zaidi, Ijara, kuna hifadhi ya jamii ya Ishaqbini inayomlinda hirola, swala ambaye amebaki kwa mamia tu duniani na asili yake ni sehemu hizi za mpaka wa Kenya na Somalia. Sisi tunajua majina ya wanyama wa Mara kutoka kwa watalii. Hirola je?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nikiwa nakunywa chai ya maziwa ya ngamia kwenye hoteli moja karibu na soko, mzee aliyekaa meza ya pili aliniuliza, kwa upole kabisa, "Habari za Kenya?" Nikadhani sijasikia vizuri. Mwenyeji wangu akacheka, akaniambia hapa mtu akienda Nairobi husemwa ameenda Kenya. Wala si matusi wala siasa. Ni namna tu ya kuzungumza, na watu wazima wameirithi kwa wazazi wao.

Namna hiyo ya kuzungumza haikutoka hewani. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, na kuanzia hapo kuingia au kutoka huko kulihitaji kibali. Mwaka 1934 wakaongeza sheria nyingine kali zaidi. Uhuru ulipokuja, vita vya Shifta vikazuka, na hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 ikadumu karibu miaka 30. Soma hiyo tena. Wakati wazazi wetu wanaimba nyimbo za shule na kunywa maziwa ya Nyayo, wenzao ng'ambo ya Tana walikuwa wanaishi chini ya hali ya hatari. Mwaka 1980 nyumba za Bulla Kartasi hapo Garissa zilichomwa moto na wanajeshi. Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na kuwekwa juani siku kadhaa, na idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali, na wao tu, waliitwa kukaguliwa upya na kupewa kadi ya ziada kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya. Wewe ulifundishwa hayo shuleni? Mimi nilifundishwa Mau Mau kila muhula, jambo jema, lakini Wagalla nilikuja kuisikia nikiwa mtu mzima, tume ya ukweli ilipokuwa imeshatoa ripoti yake ya 2013.

Kwa hiyo mzee anaposema "habari za Kenya", anakusomea historia kwa maneno matatu.

Na historia hiyo haijaisha, maana niliipanda ndani ya basi siku ya kurudi. Tulisimamishwa kwenye kizuizi kimoja njiani, sitasema kipi. Amri ikatoka abiria washuke na vitambulisho mkononi. Nikasimama nikiwa na changu tayari. Afisa akaniangalia usoni, akasema, "Wewe kaa." Mwanamume wa Kikamba aliyekuwa mbele yangu naye akaambiwa akae. Mwalimu mmoja kutoka Magharibi, kaa. Basi lilikuwa na watu kama 50, na sisi tuliobaki vitini hatukufika 10. Mkoba wangu haukufunguliwa, kadi yangu haikusomwa. Ningeweza kuwa nimebeba chochote.

Kupitia dirishani niliona msichana, labda wa miaka 19, akionyesha karatasi ya kusubiri kitambulisho. Alikuwa anakwenda kwenye mahojiano ya kazi Nairobi, alivaa viatu vipya, vile vya kubana. Karatasi ikageuzwa juu chini. Akaulizwa chifu wake ni nani, akajibu. Akaulizwa jina la babu wa babu yake, akajibu, maana watoto wa Kisomali hufundishwa ukoo wao kwa moyo wakiwa wadogo. Ningeulizwa mimi ningekwama kwa babu wa kwanza. Alikuwa anasema "afande, tafadhali" kwa sauti ya mtu aliyezoea. Basi likaondoka, yeye akabaki amekaa kwenye jiwe na mkoba wake. Kondakta alisema atapanda lingine. Mama aliyeketi nyuma yangu hakusema neno, alitoa noti iliyokunjwa vidogo mfukoni, akairudisha. Hakuihitaji safari hii.

Najua utaniambia nini. Utaniambia usalama. Utaniambia Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliouawa, wengi wao wanafunzi wa rika letu waliokuwa wamelala au wanasali. Siwezi kulipita hilo kwa haraka na silipiti. Wazazi waliwatambua watoto wao chumba cha maiti Nairobi. Wala sitakudanganya kwamba kila kona ya Kaskazini Mashariki ni salama kwa matembezi. Vijiji vya karibu na mpaka na barabara kadhaa za Mandera zina hatari ya kweli, na wenyeji ndio wa kwanza kukwambia usiende.

Lakini fikiria kidogo. Mmoja wa waliovamia chuo kile alikuwa kijana wa Mandera aliyesomea sheria chuo kikuu Nairobi, baba yake chifu. Unadhani huyo alikosa kitambulisho? Na Januari 2019, waliposhambulia jengo la DusitD2 pale Riverside na kuua watu 21, mmoja wao alikuwa amepanga nyumba Kiambu, kati ya majirani. Sioni kama sura yake ingemteremsha kwenye basi lolote. Ukaguzi unaoanza na umbo la pua unamwacha mhalifu akae kitini na kumshusha binti anayekwenda kutafuta kazi. Mimi nataka ukaguzi, tena mkali. Fungueni mkoba wangu. Msome kadi yangu. Lakini someni ya kila mtu, au msisome ya yeyote.

Na kama bado unahisi watu wa huku si wenzako, rudi Desemba 2015. Basi la Mandera lilivamiwa, magaidi wakataka Wakristo watengwe na Waislamu. Abiria Waislamu wakakataa, wengine wakawapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akikataa, akafa mwezi uliofuata. Filamu fupi ya Watu Wote iliyotokana na kisa hicho ilifika hadi kwenye uteuzi wa Oscar 2018. Dunia iliitazama. Basi lile lile likija Nairobi, abiria wake wanashushwa.

Februari 2025 Rais William Ruto akiwa ziarani huko alitangaza kufuta ule ukaguzi wa ziada ambao vijana wa eneo hili walipitia ili kupata vitambulisho, wa kuitwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa, kitu ambacho mtoto wa Nyeri au Kakamega hajawahi kukisikia. Ni hatua, na nilipiga makofi. Ila kuna watu walioandikishwa kambi za Dadaab kama wakimbizi wakati wa ukame, Wakenya kabisa, waliofuata chakula na matibabu kwa sababu njaa haiulizi uraia, na alama zao za vidole zikawafunga nje ya nchi yao. Tena kupata kadi na kuheshimiwa na kadi ni mambo mawili. Msichana wa viatu vipya ataipata kadi yake. Je, kizuizini ataambiwa "kaa"?

Jambo lingine linalonikera ni sisi wenyewe, wala serikali haimo. Nairobi tunamwita kila mwanamume wa Kisomali "warya", tukidhani ni jina la heshima au la kabila. Ni kama kumwita mtu "we kijana!" Mwite abti au adeer kama amekuzidi umri, walaal kama ni rika lako, uone uso utakavyofunguka. Na tunajua kula anjera Eastleigh saa tano usiku, tunajua kununua viatu huko kwa bei ya kutupa. Mwishoni mwa Aprili 2024, boti lilipozama Kona Punda karibu na Madogo kwa sababu barabara ya Garissa ilikuwa imefunikwa na mafuriko na watu hawana njia nyingine ya kuvuka, mitandao yetu iliongea siku mbili, ikahama. Ingekuwa barabara ya Thika imekatika namna hiyo tungelia hadi Ikulu isikie.

Basi nenda. Sitakutajia nauli, hupanda kila sikukuu ikikaribia. Beba maji, vaa nguo nyepesi zinazokufunika, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa za akina mama. Uliza wenyeji barabara ikoje kabla ya kwenda mbele ya mji. Chagua basi la mchana na ukae dirishani.

Mimi narudi mwezi ujao. Safari hii nataka nipite Modogashe nifike Wajir, nikaone visima vya Orahey na hivyo viwanja ambavyo vitabu vyangu vya shule viliviruka. Walaal wangu amesema atakuja Nairobi kunichukua, tupande basi moja kwenda na kurudi, viti vya kukaa pamoja. Tukifika kizuizini na wakimwambia ashuke, nitashuka naye.