Jina Limebaki, Mikono Imeondoka

Linapotajwa neno kiwanda, wengi wetu huona akilini jengo kubwa, bomba la moshi, na utepe unaongoja kukatwa na mgeni rasmi. Ni nadra kwa mtu kuifikiria meza ya jikoni. Hata hivyo, mojawapo ya majina ya mavazi yaliyopata sifa kubwa nchini Uingereza katika karne iliyopita lilianzia juu ya meza ya namna hiyo, likamea kwa muda wa zaidi ya miaka 30 likiwa mali ya familia moja, kisha likaingia katika misukosuko iliyolitenganisha na watu waliolijenga. Twalitaja jina hilo, Laura Ashley, si kwa kupenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mitindo ya ng'ambo, bali kwa kuwa bidhaa yake ya awali ilikuwa kitu kinachojulikana katika kila nyumba ya Unguja na Pemba, nacho ni kitambaa cha kufunga kichwani.

Laura Ashley alizaliwa mwaka 1925 huko Wales ya Kusini, akawa mwandishi muhtasi katika ofisi za jumuiya ya wanawake wa vijijini. Siku moja alikwenda kutazama maonyesho ya kazi za mikono za jadi katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Aliporudi akatafuta madukani vitambaa vyenye maua madogo madogo ya mtindo wa zamani, apate kushona mfarishi wa viraka, asivione. Wengine wangalinung'unika na kuyaacha mambo hapo. Yeye na mumewe Bernard, mwaka 1953, walitumia paundi 10 kununua mbao za kutengenezea fremu, rangi, na yadi chache za kitani, wakaanza kupiga chapa vitambaa wenyewe katika nyumba waliyokaa huko Pimlico.

Bahati nayo haikuwa mbali. Mwaka huo huo ilitoka filamu ya Roman Holiday, ambamo mchezaji Audrey Hepburn alionekana amevaa kitambaa kidogo shingoni, na wasichana wa Ulaya wakataka kuvaa kama yeye. Vitambaa vya akina Ashley vikanunuliwa na maduka makubwa, likiwamo la John Lewis. Lakini yafaa tuangalie vizuri. Bahati iliwakuta na fremu mkononi na rangi zimekwisha kukorogwa. Bernard, aliyekuwa na akili ya ufundi, akabuni na kuunda mashine ya kupigia chapa, na Laura akachagua nakshi. Hapo ndipo ulipokuwa msingi wa mali yao: ubunifu wa nakshi na maarifa ya mashine vyote vilikuwa chini ya paa moja, wala havikuazimwa kwa mtu.

Njia haikuwa tambarare. Walipohamia Kent, mafuriko ya mwaka 1958 yaliwaharibia mali na karibu kuwafilisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamia Wales, wakafungua duka dogo katika mji wa Machynlleth, na mwaka 1963 wakapeleka kazi katika kijiji cha Carno. Twawaomba waheshimiwa wanaopanga maendeleo wakitazame kijiji hicho. Sehemu hiyo ya Wales ilikuwa ikikimbiwa na vijana wake kwa kukosa kazi, hata Serikali ya Uingereza mwaka 1967 ikautangaza mji wa jirani wa Newtown kuwa mji wa kuendelezwa ili kuzuia watu wasizidi kuhama. Kituo cha reli cha Carno kilikuwa kimefungwa. Akina Ashley wakakigeuza kituo hicho kuwa karakana. Wanawake wa mashambani waliokuwa na ustadi wa sindano, ambao hapo kabla hawakuwa na pa kuuuza, wakapata ujira karibu na nyumba zao.

Gauni la kwanza lilitoka mwaka 1966, na mwaka 1968 likafunguliwa duka la kwanza la London. Hizo zilikuwa siku za sketi fupi. Gauni la Laura Ashley lilikuwa refu, la pamba, lenye maua na lenye stara, wala halikuwa na bei ya kumtisha msichana wa kazi. Watu wa mjini waliochoshwa na moshi na zege wakaliona kuwa ni kipande cha shamba. Kufikia mwaka 1985 maduka yenye jina hilo yalikuwa yamepindukia 200 katika nchi nyingi, na familia bado ilikuwa na usukani mkononi.

Mwezi wa Septemba mwaka huo Laura Ashley alifariki dunia kwa ajali ya kuanguka ngazi, siku chache baada ya kutimiza miaka 60, akazikwa Carno. Miezi miwili baadaye hisa za kampuni zikauzwa katika soko la hisa la London, na walioomba kununua walikuwa wengi mno kuliko hisa zilizokuwapo. Kwa macho ya wafanyabiashara, huo ulikuwa ushindi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo jina lilipoanza kutembea peke yake.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kampuni iliendelea kufungua maduka kwa pupa, na huku wanawake wa Ulaya na Marekani, walioingia maofisini kwa wingi, wakitaka suti kuliko magauni ya maua. Katika miaka ya 1990 wakurugenzi wakuu wakabadilishwa mara kwa mara, kila mmoja na dawa yake, na viwanda vilivyokuwa fahari ya kampuni vikahesabiwa kuwa mzigo. Mwaka 1998 kampuni moja kubwa ya Malaysia ikachukua fungu kubwa la hisa. Mwezi Machi 2020, wakati maradhi ya korona yalipokuwa yakifunga maduka duniani, kampuni iliyokwisha kudhoofika ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, na ajira zipatazo 2,700 zikawa mashakani. Haukupita muda mrefu, kampuni ya Kimarekani ikanunua jina na hazina ya nakshi. Maua ya Laura yangali yanauzwa hadi leo juu ya mapazia na mashuka. Lakini cherehani za Carno zilikuwa zimenyamaza kitambo.

Yawezekana msomaji akatuambia kuwa huo ndio mwendo wa biashara, na kwamba kampuni iliyong'ang'ania viwanda vyake katika nchi yenye ujira mkubwa isingeweza kushindana na nguo zinazotoka mahali pa ujira mdogo. Hatupingi. Ni kweli kwamba viwanda vile vilikuwa ghali, na kwamba hakuna mtindo wa mavazi uliohakikishiwa maisha ya milele. Lakini si lazima kila jina liuzwe likiwa katika kilele. Mwaka 1970 kijana wa Nottingham, Paul Smith, alifungua kijiduka kidogo kisichokuwa na dirisha, kikifunguliwa siku za Ijumaa na Jumamosi tu, kwa kuwa siku nyingine alifanya vibarua vya kukilisha. Pauline Denyer, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe, alikuwa amesomea mavazi katika chuo cha Royal College of Art, na ndiye aliyemfunza mengi ya ukataji. Alikaribisha wabia, lakini hakuliachilia jina. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitimiza miaka 50 naye angali mbele yake. Mwenda pole hajikwai.

Basi yatupasa sisi wa Visiwani tujiulize tuna nini. Kanga zetu, kama masimulizi ya wazee yanavyoeleza, zilianza pale wanawake walipounganisha leso zilizoletwa na wageni, wakazishona pamoja ili wapate nguo pana. Ubunifu ulikuwa wetu, lakini chapa ilipigwa kwingine. Viwanda vya Manchester na Uholanzi vilitajirika kwa kutupigia chapa kanga tulizoziagiza, na baadaye kazi hiyo ikaenda India na kwingineko. Hata leo mgeni anayenunua kanga mjini Unguja awe na kumbukumbu ya safari yake, mara nyingi huondoka na kitambaa kilichopigwa chapa nje ya Visiwa. Carno ilikuwa na mashine, nakshi na jina, ikavipoteza. Sisi tuna nakshi, tuna maneno ya kanga ambayo hakuna mgeni awezaye kuyatunga, na tuna mafundi wa sindano ambao kofia zao za vito ni ushahidi tosha. Tulichokosa ni kuviunganisha vitu hivyo chini ya paa moja.

Kwa hiyo twapenda kuzielekeza fikira za wahusika katika mambo matatu. Kwanza, mikopo ya wajasiriamali ipimwe kwa uvumilivu wake zaidi kuliko kwa ukubwa wake. Akina Ashley walianza mwaka 1953, na gauni la kwanza likatoka baada ya miaka 13. Mkopo unaodaiwa kabla rangi haijakauka humfanya fundi kuwa mchuuzi wa bidhaa za watu wengine. Afisa anayetaka taarifa nzuri ya robo mwaka na fundi anayetaka miaka kumi hawawezi kukutana isipokuwa sera iwakutanishe.

Pili, jina ni mali, na mali bila daftari hupotea bila habari. Alama ya biashara iliyosajiliwa Tanzania Bara hailindwi Zanzibar mpaka isajiliwe huku, na ya huku hali kadhalika haina nguvu ng'ambo ya bahari. Ni washoni wangapi wa Jambiani, Wete au Mkoani wanaolijua hilo? Ofisi ya usajili isingojee kufuatwa mjini. Iwafuate mafundi vijijini, iwaeleze kwa Kiswahili chepesi, na ada yake iwe ile ambayo mwenye cherehani moja anaiweza.

Tatu, itakapofika siku ambayo tajiri wa nje atakuja kulinunua au kulikodi jina lililozaliwa Visiwani, nasi twatumaini kuwa siku hiyo itafika, mkataba usihesabu fedha peke yake. Uulizwe waziwazi: nakshi zitachorwa na nani? Vijana watafunzwa wapi? Kazi ikihamishwa, kijiji kilichoijenga kitabakiwa na nini? Yote yaandikwe kabla ya wino wa sahihi, kwa sababu baada ya sahihi hubaki kuomba hisani.

Wala wananchi nao tusiiachie Serikali mzigo wote. Fundi anayekubali kuitia nguo yake lebo ya kigeni ili ipate kununuliwa analitangaza jina la mwenzake kwa jasho lake mwenyewe. Mnunuzi anayeibeza kazi ya jirani kwa kuwa ni ya hapa hapa, kisha akainunua hiyo hiyo kwa bei maradufu ikirudi na jina geni, naye ana sehemu yake katika hasara. Ubora lazima uwepo, kwani mshono unaofumuka haulindwi na uzalendo wowote. Lakini ubora huja kwa kazi nyingi, na kazi nyingi huja kwa kununuliwa.

Mwanamke wa Wales alikikosa kitambaa alichokitaka, akakitengeneza. Kwa muda wa miaka 30 na zaidi jina lake na mikono ya wanakijiji wake vilikwenda sambamba, na katika muda huo palikuwa na maisha katika kituo cha reli kilichoachwa. Jina lilipoachana na mikono, jina likaishi na mikono ikakosa kazi. Hatuna budi kuhakikisha kuwa jina lolote litakaloinuka kutoka visiwa hivi, likivuka bahari, litakuwa bado linajua njia ya kurudi kwao.