Mhandisi wa mitambo asiyeijua sauti ya beringi!

HIVI jamani, daktari anaweza kuhitimu bila kumgusa mgonjwa? Hata mtoto atakwambia haiwezekani. Ndiyo maana pale Muhimbili chuo na hospitali viko uwanja mmoja. Sasa mbona mhandisi wa mitambo tunataka ahitimu bila kugusa mtambo, na wakubwa wanaona sawa tu?

Nauliza kwa uchungu. Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimojawapo, anasoma uhandisi mitambo. Kijana ana akili, hesabu anazitafuna kama karanga. Muulize joto linageukaje kuwa nguvu ndani ya injini, au shafti iwe nene kiasi gani ili isikatike ikibeba mzigo fulani, atakujazia karatasi mbele na nyuma.

Lakini likizo iliyopita alizunguka jijini wiki tatu, barua ya chuo mkononi, akitafuta kiwanda cha kumpokea kwa mafunzo ya vitendo. Geti hili mlinzi anamfukuza, geti lile anaambiwa aache barua atapigiwa simu. Mwishowe kampuni moja ikamhurumia, ikamweka stoo kuhesabu vipuri. Amerudi na ripoti iliyogongwa muhuri, na ovaroli safi kama ilivyotoka dukani. Huo ndio uhandisi?

Ndugu msomaji, kosa si la kijana huyu, wala si la walimu wake. Tukumbushane tulikotoka.

Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichovunjwa mwaka 1970, Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Mwaka 1973 Mlimani ikafungua Kitivo chake cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kikiwa na idara za ujenzi, mitambo na umeme. Kozi ikawa miaka 4, na ndani yake yakawekwa mafunzo ya vitendo viwandani, ambayo wanafunzi wanayaita PT. Waliopanga hivyo hawakuwa wajinga. Walijua ubao na chaki vinatoa nusu ya mhandisi tu.

Na viwanda vilikuwepo! Ubungo kulikuwa na Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, na pale pale Ubungo kulikuwa na UFI, wafua majembe. Mang'ula, Morogoro, kulikuwa na karakana ya vyuma iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA. Hai kulikuwa na Kilimanjaro Machine Tools, Arusha kulikuwa na General Tyre. Darasa lilikuwa Mlimani, lakini nusu ya chuo ilikuwa huko.

Mimi nilipita njia hiyo miaka ya 1980. Nilipelekwa kiwanda cha nguo, nikawekwa chini ya fundi mkuu, mzee aliyeishia darasa la nne. Siku moja pampu ya maji ya boila ikawa inaunguruma isivyo kawaida. Mimi msomi nikatoa kalamu, nikaanza kupiga hesabu za mgandamizo wa maji. Mzee akanitazama, akacheka. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye kifuniko cha beringi, mpini akautia sikioni.

"Mwanangu, njoo usikilize," akasema. "Hapa panasagwa mchanga."

Nikasikiliza. Tulipoifungua tukakuta gololi zimechubuka, grisi imegeuka tope jeusi. Darasani nilikuwa nimefundishwa kanuni ya kukadiria beringi itaishi saa ngapi. Siku hiyo nikajifunza sauti yake inapokaribia kufa. Kanuni ile nisingeijua, nisingeelewa kwa nini ilikufa mapema. Bisibisi ile nisingeiona, nisingejua inakufa. Vyote viwili ndivyo vinavyofanya mhandisi.

Leo kiwanda kile ni ghala la kuwekea mizigo ya watu. Hakuna pampu, hakuna boila, hakuna mzee wa bisibisi.

Najua jibu la wakubwa: viwanda vya umma vilikuwa vinakula hasara. Ni kweli, vingi vilikuwa hoi, na wengine walikuwa wanavitafuna wao wenyewe! Lakini ubinafsishaji ulipoanza miaka ya mwanzo ya 1990, ni nani aliyeandika kwenye hesabu kwamba kiwanda kilikuwa pia darasa? Baadhi ya walionunua walitaka majengo na viwanja, si mashine. General Tyre nayo ikasimama mwaka 2009. Tumeuza kiwanda, tukauza na nusu ya chuo kikuu bila kujua. Kisha tunawalaumu vijana kwamba hawajui kazi!

Leo tunaonyeshwa treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Tunaonyeshwa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Ni mambo makubwa, atakayebisha ana lake. Lakini reli hiyo wamejenga Waturuki, bwawa wamejenga Wamisri. Miaka 20 ijayo beringi za mitambo hiyo zitakapoanza kusaga mchanga, nani atakuwa na sikio la kusikia? Au tutawapigia simu Cairo na Istanbul, na bili italipwa na mlalahoi kwenye luku?

Tuseme haki: Bodi ya Usajili wa Wahandisi tangu mwaka 2003 ina mpango wa miaka 3 wa kuwalea wahitimu makazini. Ni mpango mzuri. Lakini mpango huo wenyewe ni ushahidi kwamba kijana anatoka chuoni akiwa mbichi. Kwa nini tusubiri ahitimu ndipo tumpe spana?

Nasema yafanyike mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa mradi mkubwa na kila kibali cha mwekezaji kitaje idadi ya wanafunzi watakaopokewa kila mwaka, tena karakana, si stoo. Pili, mwajiri anayewafundisha kweli apunguziwe ile kodi ya kuendeleza ufundi stadi, na anayegonga muhuri wa uongo atozwe faini. Tatu, karakana za umma tulizobaki nazo, kama zile za reli za Morogoro na Tabora, zitengewe meza za wanafunzi. Na mafundi wa Gerezani wanaochonga vipuri wasidharauliwe. Wapelekewe wanafunzi, na walipwe kama walimu.

Mzee wangu wa bisibisi alishatangulia mbele ya haki, na ujuzi wake alimwachia mwanafunzi mmoja mmoja. Wenzake waliobaki wanastaafu kila mwaka, na mpwa wangu bado anahesabu vipuri. Wakubwa, tegeni sikio: mchanga unasagwa!