Soko la vipuri Kasulo: Bei ifuate tarehe iliyo kwenye chuma, si rangi

Wafanyabiashara wa vipuri walioko Kasulo, wilayani Ngara, wako mahali pazuri kibiashara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Kahama na Lusahunga hupita hapo kabla ya kufika Rusumo, mpakani na Rwanda. Kutoka njia panda ya Benako, barabara nyingine huelekea Ngara mjini na Kabanga, mpakani na Burundi. Gari likikwama katika njia hiyo, mwenye gari hawezi kungoja kipuri kutoka Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 1,200. Hununua kilichopo.

Haja hiyo ya mnunuzi ndiyo faida ya muuzaji, lakini pia ndiyo hatari ya wote wawili. Kama ilivyo katika masoko mengi ya vipuri vilivyotumika nchini, bei hupangwa kwa rangi na kwa maneno. Kipuri kikipakwa rangi ya fedha huitwa "orijino". Kikiwa na kutu huitwa "chuma cha Mwingereza". Wakati mabishano hayo yakiendelea, tarehe ya kutengenezwa imeandikwa kwenye kipuri chenyewe, chini ya matope na grisi, na mara nyingi hakuna anayeisoma.

Kuisoma hakuhitaji mtambo. Kunahitaji brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo, chaki ya kusugulia ili maandishi yaonekane, na kujua kila kiwanda kina desturi gani. Vifaa vya umeme vya Lucas, ambavyo vilifungwa katika Land Rover za zamani, viligongwa tarakimu chache kwenye mwili wa dainamo, stata au distributa. Tarakimu mbili za mwisho ni mwaka, na zinazotangulia ni mwezi au wiki. Zikisomeka 23 67, ni wiki ya 23 ya mwaka 1967, kwa kuwa hakuna mwezi wa 23.

Injini za Perkins, ambazo wakulima wengi wanazijua kutokana na matrekta ya Massey Ferguson, zilianza mwaka 1974 kubeba herufi ya mwaka mwishoni mwa namba. A ni 1974, B ni 1975, C ni 1976. Herufi U iliyo katikati ya namba hiyo huonyesha kuwa injini ilitengenezwa Uingereza. Katika vipuri vingi vilivyosubiwa kwa kalibu kuna alama ya duara mfano wa saa: mwaka umeandikwa katikati, na mshale au nukta huonyesha mwezi.

Hata hivyo, desturi ya kiwanda kimoja haifai kwa kingine. Bloki ya Ford ya Marekani yenye 7C15 ilisubiwa tarehe 15 Machi, na mwaka wake unaishia na 7. Kwa General Motors tarehe hiyo hiyo huandikwa C157, mwaka ukiwa mwishoni. Na huo mwaka wa 7 waweza kuwa 1957, 1967 au 1977, hivyo ni lazima uthibitishwe kwa aina ya injini na namba ya kipuri. Namba ya kipuri nayo ina mtego wake. Bloki ya Ford ya Uingereza iliyoandikwa 711M ina 71 inayotaja mwaka 1971, lakini huo ni mwaka wa mchoro. Kipuri chenyewe chaweza kuwa kilitoka kiwandani miaka kadhaa baadaye.

Swali la mfanyabiashara ni je, tarehe hiyo ipandishe bei au iishushe? Jibu linategemea kipuri kimetengenezwa kwa nini.

Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Tairi lililoandikwa 2313 mwishoni mwa namba ya DOT lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2013. Kampuni kadhaa za matairi hushauri tairi liondolewe likifika miaka 10, hata kama halijawa kipara. Likiwa na tarakimu tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000, na halifai kuuzwa kwa safari yoyote. Kanuni hiyo inahusu pia sili, mipira ya breki na mipira ya maji. Hapa kila mwaka unaopita ni hasara, na anayeuza tairi la zamani kwa bei ya jipya anauza ajali.

Chuma hakina tabia hiyo. Bloki, silinda hedi au kranki haiharibiki kwa kukaa. Huharibiwa na kazi, joto na kukosa mafuta. Kwa hiyo tarehe ya zamani peke yake si sababu ya kushusha bei, wala tarehe ya karibuni si dhamana. Fundi apime silinda na kutafuta nyufa kwanza, kwani hakuna muhuri unaotaja kilomita.

Kuna wanunuzi ambao kwao tarehe ya zamani hupandisha bei. Hao ni wapenzi wa magari ya kale. Mbio za East African Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003, zilirudisha barabarani magari ya aina ya Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha na msafara mkubwa wa Land Rover. Mwenye Land Rover Series IIA, iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971, akitaka kuirudisha katika hali yake ya asili, hutafuta dainamo yenye tarehe inayotangulia kidogo tarehe ya gari. Ikiwa imegongwa mwaka 1975, itafanya kazi, lakini si ya asili. Ikiwa inalingana, muuzaji ana haki ya kudai zaidi. Dainamo kama hiyo ikiuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, muuzaji ameila hasara bila kujua.

Ni kweli kwamba penye thamani hapakosi mghushi. Namba zilizotuna zilitoka na kalibu na ni vigumu kuzibadili. Namba zilizogongwa kuingia ndani huweza kusagwa na kugongwa upya. Uso wa bloki ukiwa na mikwaruzo ya grainda mahali pa namba tu, au tarakimu zikiwa hazikulingana kwa kina na mstari, mnunuzi aondoke. Kadi ya gari hubeba namba ya injini na ya chasi, na injini yenye namba iliyochezewa huweza kumfikisha polisi mtu asiye na hatia, mtaji wake ukiwa umezuiwa kama kielelezo.

Wapo watakaosema mteja wa njiani anataka bei rahisi, na kwamba kutaja tarehe ni kumfukuza. Hoja hiyo ina nguvu kwa anayeuza mpira uliozeeka, ambaye kweli ana cha kuficha. Kwa anayeuza chuma kizima haina uzito. Zaidi ya hayo, dereva wa njia ya Rusumo hapiti mara moja. Akidanganywa leo, wiki ijayo atasimama duka la jirani, na wenzake atawaambia.

Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango haziwezi kusimama mbele ya kila banda kutoka Lusahunga hadi mpakani. Kinachowezekana mara moja ni risiti yenye mambo matatu: jina la kipuri, namba yake, na tarehe kama ilivyosomeka kwenye kipuri chenyewe. Mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo aanze kwa kusafisha stoo yake, atenge mpira na chuma, aandike tarehe za vyote, kisha ndipo apange bei. Na mnunuzi asitoe fedha kabla ya kuiona tarehe kwa macho yake. Bei ya rangi hudumu hadi mvua ya kwanza.