Nukta Nyekundu Juu ya Bunduki ya Bata Mzinga: Rai Yangu

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Machi, hapa kwetu Missouri City, mazungumzo ya vijana baada ya sala ya Ijumaa hugeuka. Husikii tena habari za mpira wala bei za nyumba. Unasikia bata mzinga, unasikia bunduki, na tangu miaka ya karibuni unasikia kioo cha nukta nyekundu. Fulani kanunua cha dola 30. Fulani kanunua cha dola 600, na mkewe hajui. Kwa muda mrefu nimesikiliza zaidi kuliko nilivyosema. Sasa wahariri wamenipa ukurasa, basi nitatoa rai yangu kwa ukamilifu, na asiyekubaliana nami ana ukurasa wake mwakani.

Rai yenyewe ni hii. Bunduki ya marisau ya kuwindia bata mzinga inakihitaji kioo hicho, na mzee anakihitaji zaidi kuliko kijana. Lakini hapana haja ya kutoa zaidi ya dola 200, na anayetoa dola 30 aghalabu amenunua kitu cha kuchezea watoto. Fedha inayobaki inunue risasi za kupigia karatasi, kwa sababu kioo kisichopimwa juu ya karatasi, kiwe cha bei gani, ni pambo tu.

Kwa wasiokijua: kioo hiki si darubini, hakikuzi kitu. Ni kijibomba, au kijifremu kilicho wazi, chenye kioo kilichopakwa utando mwembamba mno. Nyuma yake imewekwa taa ndogo ya elektroniki inayopiga mwanga kwenye utando huo, nao hurudisha ile rangi nyekundu kwenye jicho na kuziacha nyingine zipite. Basi mtazamaji huiona nchi kama ilivyo, na juu yake imekaa nukta nyekundu kana kwamba iko kule kule aliko ndege. Wapo wanaokichanganya na leza. Leza hutupa mwanga wake mpaka mwilini mwa mnyama, na ina masharti yake katika kanuni za uwindaji za Texas. Nukta hii inabaki machoni mwa mwenye bunduki peke yake. Fikra yake ni ya zamani: Howard Grubb, fundi wa darubini wa Dublin, aliibuni mwaka 1900. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa cha elektroniki mwaka 1975, na mwaka 1997 jeshi la Marekani likakichukua kwa bunduki zake. Leo vingi vya bei nafuu hutengenezwa China, hata vile vyenye majina ya Kimarekani, na hilo peke yake si aibu wala si dosari.

Wazee wenzangu huniambia: mababu walipiga kanga kwa gobori lisilo na chochote juu yake, seuze huyu bata mzinga ambaye ni mkubwa mara kadhaa? Hoja ni nzuri kuisikia, lakini inasahau namna kanga alivyopigwa. Kanga hutembea kundi, na marisau ya gobori yalitawanyika kama mchele uliomwagika. Aliyelenga katikati ya kundi alirudi na kitu. (Na kwa kuwa nimemtaja kanga: Waingereza ndio waliomwita kanga ndege wa Kituruki, kwa kuwa waliletewa na wafanyabiashara waliotoka nchi za Waturuki, kisha wakalihamishia jina hilo kwa huyu ndege wa Amerika. Hata jina lake la kitaalamu, Meleagris, ni neno la Kiyunani la kanga. Kwa hiyo huyu bwana mkubwa wa vilima vya Texas anatembea na jina la kuazima kutoka kwa kanga wetu.)

Bata mzinga hapigwi hivyo. Hupigwa kichwani na shingoni, peke yake, naye hutulia kitambo kidogo tu. Siku hizi watu hutumia marisau ya tungsteni, ambayo uzito wake ni kama gramu 18 kwa sentimita moja ya ujazo, na madini ya risasi ni 11 na kidogo. Marisau hayo madogo na mazito, yakibanwa na kibano cha mdomo wa mtutu, hufika yadi 40 yakiwa bado yameshikana. Hilo ni jema kwa mbali. Lakini kwa yadi 15 au 20 fungu zima halizidi sana ukubwa wa balungi. Ukikosa kwa upana wa kiganja umekosa kabisa, na ndiyo maana unasikia watu wazima wakisimulia ndege waliyemkosa yuko hatua chache mbele yao.

Sababu kubwa ya kukosa huko ni shavu. Bunduki ya kawaida ina kijishanga cha shaba mwisho wa mtutu, basi. Kilengeo cha nyuma ni jicho lako wewe, na jicho hukaa mahali pake ikiwa tu shavu limelala barabara juu ya kitako. Mwindaji aliyekaa chini, mgongo umeegemea mti, miguu imekufa ganzi, ndege ametokea upande wa kulia asikotarajiwa, huinua kichwa apate kumwona vizuri. Kichwa kikiinuka, mtutu unainuka, na marisau yanapita juu. Kwenye kioo cha nukta, kichwa kikikaa vibaya nukta haionekani, nawe umeonywa. Kikikaa vibaya kidogo tu, nukta ingali inaonyesha mahali marisau yanapokwenda.

Sababu ya pili ni umri. Baada ya miaka arobaini na kitu kioo cha ndani ya jicho hukakamaa, na mtu hawezi tena kuona sawasawa kitu cha karibu na cha mbali kwa mara moja. Ndiyo maana tunashika gazeti kwa mkono ulionyooka. Kijishanga kiko yadi moja kutoka jichoni na ndege yuko yadi 30. Mzee hana budi kuchagua atakachokiona vyema. Nukta na ndege vyote huonekana mahali pamoja, na macho yote mawili yanabaki wazi. Kijana wa miaka ishirini anaweza kuishi bila ya msaada huu. Mimi siwezi, wala sioni haya kusema.

Na iko sababu ya tatu, ambayo vijana wetu hawaitaji, nayo kwangu ndiyo ya kwanza. Tulisoma chuoni, katika kitabu cha Abu Shujaa, mlango wa kuwinda na kuchinja. Wanavyuoni wa kale walitenga baina ya silaha inayotoboa kwa ukali wake na kitu kinachoua kwa kishindo cha uzito wake, na wa leo wamehitilafiana risasi na marisau yawekwe upande gani. Sitaingia katika hilo. Kila mmoja amuulize anayemwamini. Mimi nafuata tahadhari: bismillahi kabla ya kufyatua, na kisu kiunoni, ili ndege akidirikiwa yu hai achinjwe. Sasa fikirini. Bata mzinga aliyejeruhiwa bawa hukimbia maili 20 na zaidi kwa saa, akaingia kichakani akafia huko. Hapo hakuna kisu kinachomfikia, hakuna nyama, na iko roho iliyotolewa bure. Ndege aliyeanguka pale pale nafika kwake haraka, baada ya kuifunga bunduki usalama na kuiacha chini. Hayo ndiyo yaliyonifanya nikubali kutoa dola mia na kitu kwa kipande cha kioo, mimi ambaye mke wangu huniita bahili.

Basi tununue nini? Kwanza usinunue kile cha dola 30. Vingi vya bei hiyo vimetengenezwa kwa bunduki za plastiki za michezo. Risasi nzito ya bata mzinga hupiga bega teke ambalo hata mtu mzima hulihisi mpaka jioni, na teke hilo hilo hukitikisa kioo. Nyuzi ndogo za ndani hukatika, au nukta huhama mahali pake bila ya kukuarifu. Hili la pili ni baya zaidi. Kioo kilichokufa unakijua. Kinachosema uongo unakiamini.

Katika bei ya kati viko kadhaa vya kuaminika. Bushnell TRS-25 ni kijibomba kifupi chenye nukta ya dakika 3, nacho kwa kawaida ndicho rahisi kuliko vyote nitakavyovitaja. Sig Sauer Romeo5 na Vortex Crossfire vina nukta ya dakika 2; huyo Sig hujizima bunduki ikitulia na hujiwasha ikitikisika, na Vortex wana dhamana ya maisha isiyouliza risiti. Burris FastFire ni kile kilicho wazi, kidogo na chepesi mno, lakini umande wa alfajiri au jani likikaa juu ya taa yake nukta hupotea. Kwa sababu hiyo mimi napendelea kijibomba. Aimpoint ni bora kuliko vyote hivyo, sikatai, ila bei yake ni mara nne na zaidi, na wengi wetu tuna ada za skuli za watoto wa ndugu zetu za kupeleka nyumbani.

Hizo dakika ni nini? Waliopita darasani kwangu wanajua: duara lina nyuzi 360, na kila uzi una dakika 60. Dakika moja kwa umbali wa yadi 100 ni inchi moja na kidogo. Kwa yadi 40 ni kama inchi 0.4. Basi nukta ya dakika 3 kwa yadi 40 hufunika inchi moja na robo, na kichwa cha ndege kinaonekana pembeni yake. Nukta ya dakika 8 hufunika inchi tatu na zaidi, kichwa chote kikazama ndani. Dukani watakwambia kubwa ni rahisi kuiona. Ni kweli, lakini unachotaka kuona ni ndege.

Kabla ya kulipa, tazama ndani. Watu wengi, hasa wa rika langu, wana dosari ya umbo la jicho inayoifanya nukta ionekane kama nyota yenye miguu au kama mkia wa mkato. Piga picha ya nukta kwa simu kupitia kioo hicho. Ikiwa kwenye picha ni ya duara, dosari ni ya jicho lako. Punguza mwanga, vaa miwani yako, na aghalabu hutengenea. Angalia pia betri inatiwa wapi. Ikiwa ni chini ya kioo, kila ukibadili betri utakifungua kioo kizima, na hapana budi ukipime upya.

Kukifunga si kazi ndogo. Mossberg 500 hutoka kiwandani imeshatobolewa matundu ya skrubu juu. Remington 870 nyingi hazina, nazo huhitaji fundi au kile kitandiko kinachokaa juu ya chuma kama tandiko la punda. Chagua kifungio cha chini kabisa. Kile kirefu kilichomo ndani ya boksi ni cha bunduki za kijeshi, nacho kitaliacha shavu lako likielea hewani.

Kisha karatasi. Hapa ndipo faida kubwa ya kioo ilipo, kwani bunduki nyingi hazitupi marisau pale kijishanga kinapoelekea, na kijishanga hakisogezwi. Nukta inasogezwa. Anza yadi 15 kwa risasi za bei rahisi, kisha nenda yadi 40 kwa ile ile utakayowindia, maana ukibadili risasi au kibano, marisau hubadili njia. Fungu likitua inchi 4 chini, na kila mlio wa skrubu ni dakika 1, gawa 4 kwa 0.4: milio 10 kuelekea juu. Risasi tano za tungsteni huuzwa dola arobaini na zaidi, najua. Tatu zinatosha ukiwa umeifanya hesabu kwanza.

Neno la sheria, kwa ufupi. Pamoja na leseni, Texas inataka kibali cha ndege wa nchi kavu, na kila aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye apitie mafunzo ya uwindaji. Rika langu tumesamehewa. Niliyasoma hata hivyo, pamoja na mjukuu. Aliye nchini bila ya karatasi hana ruhusa ya kushika bunduki hata ya kuazima, na mwenye viza ya muda ana masharti yake, amuulize mwanasheria kabla ya kuigusa. Na jamani, msivae nyekundu, nyeupe wala buluu porini. Hizo ndizo rangi za kichwa cha dume la bata mzinga, na yuko mwindaji mwingine nyuma ya mti.

Anayetaka kutazama ndani ya kioo changu kabla ya kununua chake anione baada ya Alasiri, Jumamosi yoyote kabla ya msimu kufunguliwa. Nitakuja na kioo peke yake mkobani. Bunduki itabaki nyumbani.