MCHEZA KWAO HUTUNZWA



Juma hili naomba ruhusa yenu tuuache mpira wa miguu upumzike, tuutazame mchezo mmoja ambao katika nchi zetu haujulikani sana, lakini ambao mimi nimeufuata kwa zaidi ya miaka 50. Nao ni mchezo wa mbio za pikipiki katika uwanja wa udongo, ambao wenyewe huuita spidwei. Nilianza kuutazama mjini London mwaka 1974, nilipokuwa masomoni, na tangu hapo sijauacha: kwanza kwa kwenda uwanjani, baadaye kwa magazeti na redio, na siku hizi kwa televisheni na intaneti.

Kwa ajili ya wasioufahamu, nitaueleza kwa ufupi. Wapandaji wanne husimama sambamba nyuma ya utepe. Utepe unaporuka juu, huondoka kwa pamoja na kuuzunguka uwanja wenye umbo la yai mara nne, daima wakipinda upande wa kushoto. Shughuli yote huchukua kama dakika moja. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hutoka mikono mitupu. Pikipiki yenyewe ina injini ya sentimita za ujazo 500, hunywa methanoli badala ya petroli, ina gia moja tu, na wala haina breki. Msomaji asidhani kwamba mpiga chapa amekosea: haina breki kabisa. Mpandaji hupunguza mwendo kwa kuliachia gurudumu la nyuma liteleze udongoni, huku mguu wake wa kushoto, uliovishwa kiatu cha chuma, ukikwaruza ardhi. Laiti breki zingekuwapo, hatari ingezidi, kwani mtu akisimama ghafla mbele ya wenzake watatu angewaangusha wote.

Wengi huhesabu kwamba mchezo huu ulianzia Australia, katika mji wa West Maitland, Desemba 1923. Februari 1928 ulifika High Beech, karibu na London, na haikupita miaka mingi Waingereza wakawa wanaufuata kwa maelfu. Fainali ya kwanza ya ubingwa wa dunia ilichezwa Wembley mwaka 1936.

Basi kila wanapokutana washabiki wa umri wangu, mazungumzo huwa ni yale yale: mashujaa wamekwisha, na vijana wa leo wanajua kuhesabu fedha tu. Mimi siwalaumu wazee wenzangu, kwa maana mashujaa wa zamani walikuwapo kweli. Katika fainali ile ya 1936, Bluey Wilkinson wa Australia alishinda mbio zake zote tano, lakini taji likaenda kwa Mwaustralia mwenzake, Lionel Van Praag, kwa sababu kanuni za wakati ule zilijumlisha pointi za mashindano ya mchujo. Wilkinson hakununa akaondoka. Mwaka 1938 alivunjika mtulinga usiku uliotangulia fainali. Hata hivyo akapanda pikipiki yake na kutwaa ubingwa. Naye Jack Milne wa Marekani alipoteza kidole gumba katika ajali mwaka 1936, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia.

Wasomaji wetu wa jeshini watapenda zaidi habari za huyo Van Praag. Vita vilipozuka alijiunga na jeshi la anga la Australia. Mwaka 1942 ndege yao ilidunguliwa na Wajapani ikaanguka baharini, naye pamoja na mwenzake wakawasaidia wenzao waliokuwa hawajiwezi mpaka wakafika nchi kavu. Kwa tendo hilo alitunukiwa Nishani ya George. Ushujaa wake, basi, haukuwa wa uwanjani peke yake.

Lakini je, ni kweli kwamba wa leo ni waoga? La hasha! Bartosz Zmarzlik wa Poland, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara tano kati ya 2019 na 2024, huingia katika kona ile ile isiyo na breki, tena kwa pikipiki yenye nguvu kuliko ya Wilkinson. Kilichobadilika ni uangalifu, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Peter Craven, bingwa wa 1955 na 1962, alifariki mwaka 1963 baada ya ajali huko Edinburgh, alipomkwepa mwenzake aliyeanguka mbele yake. Erik Gundersen wa Denmark, aliyekuwa bingwa mara tatu, aliumia vibaya Bradford mwaka 1989, asishindane tena. Siku hizi kona za viwanja vikubwa huzungushiwa mito minene iliyojazwa hewa. Hata hivyo hatari haijakwisha: mwaka 2015 kijana Darcy Ward wa Australia alianguka huko Poland akapooza. Anayesema kwamba vijana hawa hawana moyo, na aje asimame karibu na kona ya kwanza.

Na hapa niseme neno moja kwa wazazi. Wilkinson, aliyenusurika viwanjani miaka yote ile, aliuawa mwaka 1940 katika barabara ya kawaida mjini Sydney, akiwa juu ya pikipiki. Alfred Smoczyk, bingwa wa Poland wa mwaka 1949, naye alikufa barabarani kwa pikipiki mwaka uliofuata. Uwanjani wote huenda upande mmoja, hakuna lori wala mtembea kwa miguu, na daktari yupo. Barabarani hayo hayapo. Kijana wako akikuambia kwamba yeye ni hodari wa pikipiki, mwambie kuwa hodari kuliko yeye wamekwisha kufia njiani.

Kuhusu mitambo, wazee wenzangu wana hoja. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1930 hadi ya 1960, injini iliyotawala ilikuwa JAP ya Uingereza. Ikaja Jawa ya Chekoslovakia, kisha Weslake mwaka 1975, na baadaye injini za kulazwa ambazo zimeushusha uzito wa pikipiki karibu na ardhi. Zamani mpandaji aliweza kuifungua injini yake mwenyewe juu ya meza ya jikoni na kuifunga tena kabla ya chakula cha jioni. Leo hupelekwa kwa fundi bingwa, na gharama yake humtisha mtoto wa maskini hata kabla hajajaribu. Tena kwa macho yangu, mbio nyingi za leo huamuliwa pale utepe unaporuka. Anayetangulia katika kona ya kwanza aghalabu ndiye anayemaliza wa kwanza.

Kuhusu ubingwa wenyewe nitapita haraka. Zamani taji la dunia liliamuliwa kwa usiku mmoja. Mwaka 1973, huko Chorzów, mbele ya watu zaidi ya 100,000, Jerzy Szczakiel wa Poland alimshinda Ivan Mauger mkuu, aliyeanguka katika mbio ya kuamua. Mwaka 1981, Wembley, Bruce Penhall wa Marekani aliwapita Ole Olsen na Tommy Knudsen, kila mmoja katika mbio yake, pale pale penye mstari wa kumalizia. Tangu 1995 bingwa hupatikana kwa mfululizo wa mashindano katika nchi mbalimbali. Usiku mmoja ulikuwa na utamu, lakini mfululizo una haki zaidi, na haki ni bora kuliko utamu.

Basi ikiwa mashujaa wapo na haki imeongezeka, kwa nini mchezo huu umefifia Uingereza, mahali ulipokulia? Jibu langu ni moja: viwanja. Nilipokuwa London nilikwenda Wimbledon kila Alhamisi jioni. Wakati ule haikuwa safari. Watu walitoka kazini, wakala, wakatembea. Ungewakuta mababu na wajukuu, mama na chupa ya chai, kila mtu na kalamu mkononi akijaza pointi katika kijitabu chake. Mtoto alijifunza kujumlisha pale kabla hajafundishwa shuleni. Klabu ile ilisimama mwaka 1991, ikafufuka 2002, ikafa tena 2005, na leo mahali pale pana uwanja wa mpira na majumba ya ghorofa. Uwanja wa West Ham ulifungwa mwaka 1972, nyumba zikajengwa. Ule wa Hyde Road, Manchester, uliuzwa mwaka 1987 ukawa mahali pa kunadia magari. Coventry wakapoteza uwanja wao baada ya msimu wa 2016. Kila mara mwenye ardhi alipiga hesabu zake akaona nyumba zina faida kuliko kelele, na kwa kuwa ardhi ilikuwa yake, washabiki hawakuwa na la kusema.

Sasa tazameni Poland. Huko, katika miji kama Leszno na Gorzów, uwanja ni mali ya mji, nao umepewa jina la mpandaji aliyeutukuza. Ule wa Leszno ni wa Smoczyk yule yule. Kanuni za ligi yao kuu huzilazimisha klabu kuwachezesha vijana wa nchi yenyewe. Hayo hayakuleta matunda kwa siku moja. Baada ya Szczakiel, Wapolandi walingoja miaka 37, hadi Tomasz Gollob alipotwaa taji mwaka 2010. Lakini walipokuwa wakingoja, kiwanja kilikuwa pale pale, na watoto walikuwa wakijifunza. Zmarzlik mwenyewe alilelewa na klabu ya Gorzów.

Uingereza nayo haikukosa mfano. Mwaka 2016 Manchester ilifungua uwanja mpya wa mchezo huu kwa msaada wa halmashauri ya jiji, na mwaka 2022 klabu ya pale, Belle Vue, ikawa bingwa wa ligi. Hawakuhitaji wapandaji wenye moyo mkubwa kuliko wa Wimbledon. Walihitaji mahali.

Kwa hiyo, wazee wenzangu, tuache kuwatukana vijana. Mpandaji hodari huzaliwa kila kizazi, na fedha za kumnunua hazikosekani. Kisichozaliwa tena ni kiwanja kilichokwisha kujengwa nyumba. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini ili atunzwe, sharti kwanza kwao kuwepo.