Afya katika Jamaa: Mtu Apumuaye kwa Mrija wa Shingoni

Ilikuwa mwezi wa Agosti, wakati upepo wa kiangazi unapoingiza vumbi jekundu la Katanga hata ndani ya sanduku lililofungwa. Kijana mmoja wa darasa langu alianza kusinzia kila asubuhi. Nilimkaripia mara mbili. Mara ya tatu nikamwuliza sababu. Akajibu: «Mwalimu, usiku tunalinda pumzi ya baba.» Niliona haya, na jioni ile nikaenda kwao.

Baba yake alikuwa na uvimbe uliomziba koo. Waganga walimtoboa shingoni, chini ya kikoromeo, wakatia mrija mfupi ufikao ndani ya koo la pumzi. Kazi hiyo huitwa trakeostomia, nayo ilimwokoa na kifo. Lakini alirudishwa nyumbani na mrija wake na vitambaa vichache, pasipo mtu kuwaeleza jamaa yake jambo moja kubwa: hewa ipitayo katika mrija haipiti tena puani.

Sisi wenye pua nzima hatujui kazi yake. Twaidhani ni ya kunusa mchuzi tu! Kumbe hewa ya chumba chenye joto la kadiri huchukua labda miligramu 10 za maji katika kila lita. Ifikapo ndani ya mapafu imekwisha kupashwa joto la nyuzi 37, na kila lita hubeba miligramu 44. Pua na koo ndizo zilizoongeza maji hayo, na pua imechuja vumbi pia. Tena ndani ya koo la pumzi mna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi juu siku zote, kama wapagazi wasiochoka. Hewa kavu ikiingia moja kwa moja, vinyweleo hivyo hulegea, makohozi huwa mazito kama ulimbo, kisha hukauka kama gamba na kuziba mrija.

Ndiyo yaliyompata baba yule. Usiku mmoja alianza kupiga mluzi shingoni, akashika kitanda kwa mikono miwili, wala hakuweza kuita. Heri mrija wake ulikuwa wa sehemu mbili, wa nje na wa ndani. Mkewe aliutoa ule wa ndani, akakuta gamba la rangi ya kahawia limeuziba, akatia mwingine safi, na hewa ikapita. Mrija wa akiba ulikuwa karibu na kitanda. Kama ungalikuwa kabatini chini ya nguo, sijui.

Jambo hili si geni kwa waganga. Mwaka 1825, katika mji wa Tours huko Ufaransa, mganga Bretonneau alimponya hivyo mtoto aliyezibwa koo na ugonjwa wa dondakoo. Mwanafunzi wake Trousseau aliifanya kazi hiyo kwa watoto wengi wa Paris, naye aliagiza shingo ya mtoto ifunikwe kwa kitambaa chepesi, ili avute hewa yenye joto na unyevu, isimkaushe koo. Kitambaa tu! Hata leo jamaa maskini yaweza kukipata.

Basi Sista wa dispansari alikuja akamfundisha mama yule, nami nikasikiliza mlangoni. Chukueni kitambaa laini kisichotoa nyuzi, wala si pamba, maana uzi mmoja huvutwa na pumzi. Kichovyeni katika maji yaliyochemshwa yakapoa, kikamueni sana kisidondoke hata tone, kisha kitundikwe mbele ya mrija kama kitambaa cha mtoto anayekula, pasipo kubana. Kikikauka, kiloweshwe tena, kikichafuka, kibadilishwe. Katika hospitali nyingine hutolewa kifuniko kidogo kiitwacho pua ya bandia. Hicho hushika unyevu wa pumzi itokayo na kuurudisha kwa pumzi iingiayo. Hakioshwi wala hakiloweshwi, bali hubadilishwa kila siku, na mara moja kikijaa makohozi.

Mgonjwa anywe maji ya kutosha, isipokuwa mganga amemkataza kwa ajili ya moyo au figo. Hapa baba alikuwa na kosa lake. Aliandika juu ya kibao cha mwanawe ya kuwa alikuwa ameacha kunywa maji makusudi ili apunguze makohozi, kwa kuwa aliona aibu kukohoa mbele ya wageni. Sista alimjibu kwa upole kwamba makohozi mepesi hutoka, mazito ndiyo huua.

Watu wengine humimina maji ya chumvi ndani ya mrija kwa kufuata walivyosikia. Msifanye hivyo kwa kubahatisha. Dawa ya mvuke ni maji maalum ya chumvi, gramu 9 katika lita moja, yasiyo na vijidudu, tena hutumiwa jinsi mganga alivyoonyesha. Wala msimkalishe mgonjwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Mvuke huunguza koo, na sufuria huunguza watoto wa nyumba. Jiko la makala likae nje. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa.

Makohozi yakiwa mazito au yenye damu, au mrija ukilia mluzi, toeni mrija wa ndani muusafishe. Pumzi isipofunguka upesi, msingoje asubuhi: mpelekeni hospitali usiku uleule.

Nalikaribia kusahau. Mzee huyo alikuwa ameacha kuja Misa tangu Pasaka. Parokiani petu watoto hufagia kanisa kabla ya Misa ya kwanza, na vumbi huinuka mpaka altareni; mimi mwenyewe ndimi niliyewapa ufagio. Sasa wanafunzi wawili hutangulia na ndoo za maji, na madirisha ya upande wa kushoto hufunguliwa mapema. Jumapili iliyopita alikaa pale katika benchi la pili, kitambaa cheupe shingoni, na mwanawe kando yake amepakata chupa ya maji na mrija wa akiba uliofungwa katika leso safi.